Sahani za Kutengana

Mama mkwe alikuja kwetu Pasiansi kutoka Magu akimleta mjukuu wake, mtoto wa shemeji yangu, atibiwe mjini. Mtoto alikuwa na homa, koo limevimba, na kifua kimejaa vipele vyekundu vinavyokwaruza ukimpapasa, kama msasa. Daktari alimwangalia ulimi, akasema ni ugonjwa wa koo unaotoa vipele, unaambukizwa kwa mate na kikohozi. Akampa dawa. Mtu mwingine angemshukuru Mungu akaendelea na shughuli zake. Mimi nilimfikiria binti yangu.

Binti yangu ana ugonjwa wa moyo. Koo kama hilo ndilo lililomharibia moyo akiwa mdogo, na kila mwezi huchomwa sindano ya kumkinga lisimrudie. Mwezi ule dawa haikuwepo. Kila tukienda tunaambiwa turudi wiki ijayo. Koo moja tu lingetosha kumrudisha wodini, na safari hii huenda asitoke.

Basi nikageuka askari ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mgonjwa nilimpa sahani yake, kikombe chake na godoro lake sebuleni. Mama mkwe alinitazama nikigawa vyombo, akangoja mpaka ugali ulipowekwa mkekani.

"Mwanangu, hawa ni ndugu," alisema. "Kwetu wanaotengana sahani ni watu waliogombana."

"Ni ugonjwa, mama, si ugomvi."

"Mimi nimelea wangapi kwa sahani moja?"

Nilimpakulia mgonjwa ugali kwenye sahani yake. Mume wangu aliinamia dagaa wake utadhani hajasikia kitu.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa kijiko. Mama mkwe hampi mtoto uji kabla hajauonja mwenyewe, kwa kijiko kilekile, asije akamuunguza. Asubuhi moja nilimkuta akimlisha mgonjwa hivyo, kisha akamgeukia binti yangu, kijiko kimejaa. Nilikinyakua. Uji ukammwagikia mama mkwe nguoni. Nilikwenda kukiosha kijiko bila hata kumwomba radhi.

Haukupita muda sauti ya mama mkwe ikakauka. Alisingizia vumbi, lakini nilimwona anavyomeza mate kwa taabu. Naye akaandikiwa dawa, naye nikamtenga. Mtu mzima, aliyenizalia mume, akawa anakula peke yake jikoni juu ya kigoda, ameelekea ukutani. Binti yangu alikuwa akisimama mlangoni kumwangalia bibi yake, nami namfukuza kwa ukali. Niliona aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Wote wawili walipopata nafuu, nikaanza kupumua. Jioni moja nikapika sato, samaki ambaye binti yangu humgombania hadi kichwa. Hakumgusa. Nilimshika shingo, ilikuwa ya moto.

"Koo linauma?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Tangu lini?"

"Tangu bibi alipokuwa anakula jikoni."

Siku zote hizo. Nilijikaza nisipige kelele. "Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

Alimtazama bibi yake kwanza, kisha mimi.

"Ungeniweka jikoni."

Nilimbeba nikatoka naye mbio kwenda hospitali.