Nilimwandika mgonjwa kuwa mkaidi, kosa lilikuwa langu

Wakuu, habari za humu. Mimi ni mzee wa Ngokolo, Shinyanga, nachapa herufi moja moja, mnivumilie. Haya niliyaona mwenyewe, na kwa umri huu sina faida ya kuwadanganya.

Miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, nilikuwa dresa kwenye hospitali moja ndogo upande wa Geita. Dresa ni yule wa kusafisha vidonda na kuchoma sindano. Kaptula nyeupe, maringo kibao.

Masika yale paa la wodi ya wanaume likavuja, tukawahamishia wagonjwa wodi ya akina mama. Hata pazia hatukuweka.

Kulikuwa na mama mmoja mtu mzima kutoka Nkome, nimonia imemkaba. Mwanzo alipokea sindano vizuri tu. Wanaume walipoingia, akajifunika shuka gubigubi, akageukia ukutani.

Uji hataki. Sindano hataki. Ukimsemesha, kimya.

Nikamgombeza mbele za watu. Kwenye karatasi yake nikaandika: mkaidi. Daktari akasoma, akasema kesho akiendelea hivyo arudishwe kwao. Na kifua kile, kurudi kwao kulikuwa kwenda kufa.

Sasa hapa mnicheke. Kitanda cha pili alilala mchimbaji aliyevunjika mguu, naye kajifunika gubigubi siku mbili. Mimi nikadhani nzi wanamsumbua.

Asubuhi moyo ukanisuta. Nikachuchumaa kando ya mama, nikamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka mayu," nikasogeza sikio.

Akanong'ona, "Mwanangu, huyo hapo ndiye aliyemwoa binti yangu. Nitakulaje mbele yake?"

Wakuu, niliona aibu. Mimi Msukuma mzima, kwetu mkwe akimwona mama mkwe njiani anaingia porini kumpisha. Kula mbele yake, au kufunuliwa nguo kwa sindano, ndiyo kabisa haiwezekani. Nilijua yote hayo, ila nikivaa ile kaptula nilikuwa siulizi mtu kitu.

Nikamweleza daktari. Akavua koti, tukambeba mchimbaji na kitanda chake hadi barazani.

Tuliporudi, mama ameshafunua shuka. Akaomba uji, akamaliza bakuli, akatoa mkono mwenyewe nimchome sindano. Nilikaa chini nikahema. Furaha ile sijui niieleze vipi.

Siku ya kuondoka alipitia mlango wa nyuma ili asikatize barazani. Akaniambia, "Mwambie apone. Binti yangu anamhitaji."

Nilipompelekea salamu hizo, yule mchimbaji, pande la mtu, alilia waziwazi.

Tangu hapo, mgonjwa akikataa dawa namuuliza kwanza kinachomzuia, tena kwa sauti ya chini.

Wahudumu wa afya mliomo humu, nani amewahi kumwandika mtu vibaya kama mimi? Semeni tu, leo sigombezi mtu.