Mate Mekundu

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, katika kliniki ya meno Mwanakwerekwe, daktari alimpa binti yangu Nasra kichupa ateme mate mpaka kwenye mstari. "Asile kitu mpaka amalize," akaniagiza, akatoka.

Meno ya Nasra ni ya njano na yanameguka. Siku zote nilimlaumu mke wangu kwamba anampa vitamu. Daktari alishuku maradhi ya kurithi, meno kuota bila gamba gumu la nje, na kipimo cha vinasaba kingemaliza ubishi. Kichupa kilikuwa hicho kimoja, nami nilishakilipia.

Nasra akatema weee, hata robo haikufika. Nilikuwa nimesoma kwamba kitu kichachu huleta mate, na mfukoni nilikuwa na ubuyu wa sukari nilioununua mlangoni. Nikajiambia, ubuyu hauliwi, unamumunywa. Nikamtia punje mbili mdomoni. Mate yakaja kama bomba, nikajipongeza.

Daktari akarudi, akakinyanyua kichupa. "Baba Nasra, mbona mekundu? Mtoto anatoka damu?"

"Hapana."

"Kala kitu?"

"Hajala. Nimemsimamia mwenyewe."

Nasra akatoa ulimi, mwekundu mpaka ncha. "Baba kanipa ubuyu!"

Mke wangu, aliyekaa kwenye benchi nyuma yetu, akamgeukia daktari. "Umesikia, daktari? Na mimi ndiye nnaeambiwa nampa mtoto vitamu."

Kichupa kikatupwa. Nimepoteza shilingi laki nne, na mia tano za ubuyu.