Maswali ya Mwanafunzi wa Tisa

Majibu ya kwanza niliyopata katika maisha yangu ya ualimu yalikuwa kumi na mawili, na yote yalikuwa neno moja la Kirundi: Ego. Ndiyo. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima kuhusu namna mtoto mdogo anavyojifunza kwa kucheza, nikautuma kwenye kundi letu la mtandaoni, nikamalizia kwa kuuliza kama wameelewa. Wanafunzi walikuwa kumi na wawili, na kila mmoja alijibu Ego. Nilikaa kwenye chumba changu pale Katubuka, Kigoma mjini, nikiitazama simu kama mtu aliyepewa chenji pungufu asijue aliyempa ni nani.

Wanafunzi wangu walikuwa kambini, upande wa Kasulu. Wengi walikuwa Warundi, watatu walitoka Kongo. Walikuwa wanasomea kufundisha watoto wadogo, kwa kozi ya mtandaoni ya miezi minne, na atakayefaulu angepewa darasa kwenye shule za awali za kambi. Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka uliotangulia, sina kazi, sina subira. Nilipoambiwa kuna nafasi ya kufundisha kwa simu na kompyuta bila kusafiri, nilikubali kabla mratibu hajamaliza sentensi.

Watu hao hawakuwa wageni kabisa kwangu. Nilikuwa kidato cha tatu mwaka ule walipoanza kufurika Kagunga, kijiji cha mpakani kando ya ziwa. Kule hakuna barabara ya gari, mlima umeukaba ufukwe, kwa hiyo meli ilikuwa inaenda na kurudi kuwaleta Kigoma mjini, na sisi wanafunzi tulisimama bandarini baada ya masomo tukiwaangalia wakishuka na magodoro, masufuria na kuku. Mama yangu alikuwa akipeleka ndoo ya uji. Mimi nilikuwa nauliza maswali. Kwa nini wamekimbia, kwa nini hawa wana viatu na wale hawana, nani ameamua wakae wapi. Mama aliniambia nishike kikombe nigawe uji, maswali hayashibishi mtu.

Sikuacha kuuliza. Chuoni nilikuwa maarufu kwa hilo, na si kwa sifa nzuri. Nilikuwa na mhadhiri ambaye hakuwahi kujibu barua pepe hata moja, na niliapa kwamba siku nikifundisha mimi, mwanafunzi yeyote ataniuliza lolote moja kwa moja, bila hodi. Ndiyo maana zile Ego kumi na mbili ziliniudhi. Nilikuwa nimefungua mlango wazi, na hakuna aliyeingia.

Wiki ya pili mmoja aliingia. Alikuwa wa tisa kwenye orodha yangu, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mshonaji wa nguo kabla ya kukimbia. Jumatatu asubuhi alinitumia maswali manne. Jumatano sita. Jumatatu iliyofuata kumi na moja. Nilifurahi kwa siku mbili tatu, kisha tabia yangu ikaanza kufanya kazi. Maswali yake hayakufanana. Moja liliulizwa na mtu anayejua Kifaransa vizuri, jingine na mtu ambaye hata neno mtaala lilikuwa jipya kwake. Moja lilihusu mtoto anayeng'ata wenzake, na jingine likauliza jambo lile lile ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelijibu vizuri kwenye zoezi la wiki iliyopita. Na nilipoanza kuangalia namba za simu, nikakuta mazoezi ya wanafunzi watano yametumwa kutoka kwenye simu yake.

Nikajua. Yaani nilidhani nimejua. Huyu mama anawafanyia wenzake kazi, na wenzake wamelala.

Niliandika kwenye kundi, mbele ya wote, kwamba kuanzia siku hiyo kila mtu aulize kwa jina lake na atume kazi kwa simu yake, na kwamba mwanafunzi mmoja hawezi kuwa darasa zima. Kisha nikamwandikia mratibu barua, kurasa mbili, yenye ushahidi uliopangwa kama nilivyofundishwa, nikipendekeza mwanafunzi wa tisa aondolewe kwa udanganyifu. Mratibu, mtumishi aliyehamishiwa kwetu kutoka Kilimanjaro, mtu wa maneno machache, alijibu: "Nimeisoma. Ijumaa ya wiki ijayo nafunga orodha. Kama huna jipya, namtoa."

Kundi likanyamaza. Nilituma somo Jumatatu, kimya. Nikatuma zoezi Jumanne, kimya. Hata Ego haikuja.

Jumatano mchana nilikuwa nyumbani kwa mama, Ujiji, tunachambua dagaa uani. Nikamsimulia yote, nikitegemea anisifu kwa kumkamata mwizi wa mitihani.

"Kwa hiyo watu wazima wamekunyamazia," akasema.

"Wamesusa kwa sababu nimewagundua."

"Mwalimu wa hewani. Umewahi kuwasalimia?"

"Mama, ni kozi. Naandika somo, wanasoma."

"Sikukuuliza kama wanasoma." Akatupa kichwa cha dagaa kwa paka. "Na huyo mama anayeuliza sana, hayo maswali ni ya nani?"

"Ndiyo nashangaa. Si yake yote."

Mama akaacha kuchambua. "Wewe ulipotaka kwenda chuo, uliniambia wewe?"

Nikainamia dagaa.

"Ulimtuma shangazi yako. Alikuja hapa na sukari kilo mbili, akazunguka na habari za mvua, mwisho ndiyo akasema mtoto anataka kusoma mbali. Wewe ulikuwa nyuma ya ukuta unasikiliza. Nilikuona vidole vya miguu."

Ni kweli. Na si mimi tu. Baba alipotaka kiwanja Kasingirima alikwenda na jirani, na jirani ndiye aliyeongea, baba akiwa ameketi pembeni kama aliyesindikiza. Kwetu, mtu mwenye jambo kwa mkubwa hajipeleki mwenyewe. Anatafuta mdomo wa mwingine, ili akikataliwa pasiwe na aibu, na mkubwa naye apate nafasi ya kufikiri. Nimelelewa humo. Nilikuwa nimehoji kila kitu isipokuwa sheria niliyoiweka mwenyewe, kwa kuwa nilidhani si sheria, ni akili ya kawaida.

Lakini mama kusema jambo si ushahidi, na mimi ni mimi. Alhamisi asubuhi nilimpigia simu mwanafunzi wa tisa. Ilikuwa wiki ya nne ya masomo na hakuna mwanafunzi aliyekuwa amewahi kusikia sauti yangu.

"Shikamoo mwalimu," akasema kabla sijajitambulisha.

Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. "Marahaba ni yako mama," nikamwambia, "shikamoo wewe."

Kikapita kicheko, si chake peke yake. Kulikuwa na watu pale.

"Ni msichana," sauti ya mwanamume ikasema nyuma. "Nani alisema ni mzee mwenye kipara?"

"Wewe ndiye ulisema."

"Nilisema anaandika kama mwenye kipara."

Mama yule akawanyamazisha, kisha akaanza kuniuliza habari. Nyumbani ni wapi, wazazi wazima, ziwa limetulia, mvua imefika mjini. Nikajibu moja moja. Nilikuwa na karatasi ya maswali mbele yangu na niliona jinsi yanavyozidi kuwa ya kijinga kadiri salamu zilivyoendelea.

"Mama," nikasema hatimaye, "kwa nini unauliza maswali ya watu wote?"

"Kwa sababu wanayaleta kwangu. Nina sola kidogo, wanakuja kuchaji simu. Simu ikiwa inachaji tunasoma somo, mmoja anasema hapa sijaelewa, naandika. Yule ambaye chaji haijajaa anatuma kazi kwa simu yangu."

"Na kwa nini wasiniulize wenyewe?"

"Mwalimu, hatukukujua. Uliingia moja kwa moja na somo. Tukasema huenda ni mtu mkali sana. Wakanichagua mimi nikuendee."

"Nilikushutumu mbele yao."

"Ndiyo," akasema.

Nikamwambia ukweli, kwamba kesho mratibu anafunga orodha na jina lake litatoka, kwa barua yangu. Upande wa pili pakawa kimya, na safari hii nilikielewa. Kisha nikaomba jambo ambalo hata leo sioni haya kuliomba: kila mmoja aliyetuma kazi kwa simu ile ashike simu anieleze zoezi lake kwa mdomo. Sikutaka kuamini tu. Nilitaka kuweza kusema nimesikia.

Wakapokezana. Yule aliyesema nina kipara alinieleza mtoto wa jirani anayepanga vifuniko vya soda kwa rangi bila kufundishwa, akanipa na sababu, bora kuliko ilivyokuwa kwenye karatasi. Binti mmoja aliongea kwa sauti ndogo mno hadi nikaziba sikio la pili, lakini kazi ilikuwa yake, kila neno. Watano wote. Wa mwisho alitaka kunieleza na zoezi la wiki ijayo.

Barua ya pili kwa mratibu ilikuwa nusu ukurasa. Akanipigia.

"Binti, juzi alikuwa mdanganyifu. Leo ni mwanafunzi bora. Nishike lipi?"

"La leo. La juzi nilikosea mimi."

"Uliandika kurasa mbili."

"Ndiyo, mzee. Nilikosea kwa kurasa mbili."

Nilisikia akicheka puani. Jina lilibaki.

Kuanzia wiki ile tulibadili utaratibu. Jumatatu nilipiga simu kabla ya kutuma somo, tukasalimiana mpaka salamu zikaisha zenyewe, simu ikiwa imewekwa katikati ya kikao chao. Sikumvua mama yule kazi yake, nilikubali kwamba darasa lina msemaji, ila msemaji akawa anabadilika kila wiki, na swali likaja na sauti ya mwenyewe imerekodiwa, hata kama ni mwingine aliyelituma. Nami nikaahidi kujibu kabla ya saa sita mchana, na nilipokuwa sijui, kusema sijui. Hilo la mwisho liliwashangaza kuliko yote. Si kila kitu kilikwenda sawa. Mwanafunzi mmoja alipanda msafara wa kurudi kwao bila kuaga, na nilimpigia mara tatu kabla wenzake hawajaniambia. Kuna wiki mtandao wa kambini ulikatika siku tano. Lakini kundi lile lililokuwa kimya lilianza kubishana nami, na mtu anayejua ninavyopenda ubishi anaweza kukisia nilivyojisikia. Walikuwa wanafunzi wangu. Nilitembea mjini nikiwataja kwa watu ambao hawakuniuliza.

Jambo moja lilibaki likinisumbua. Mwanafunzi wa tisa alikuwa ameniletea maswali ya watu wote, lakini lake mwenyewe hakuwahi. Kila nilipouliza, alisema, "Langu bado, mwalimu."

Alifaulu. Wote kumi na mmoja waliobaki walifaulu, na yeye alikuwa wa kwanza kupewa darasa, watoto arobaini na kitu chini ya turubai. Nilikuwa nimeshaandika ripoti yangu na kozi imefungwa, ulipofika ujumbe wake wa sauti, wa kwanza usio wa mtu mwingine:

"Mwalimu, nina swali. Mtoto akikaa kimya darasani, nitajuaje kama ameelewa au ananiheshimu tu?"

Niliandika jibu, nikalifuta. Nikaandika la pili, lenye mambo ya chuoni, nalo nikalifuta. Nikapiga simu. Nyuma yake watoto walikuwa wakipiga kelele ambazo mwalimu yeyote angezipenda. Tukasalimiana, ziwa, mvua, mama yangu. Nikafungua mdomo kujibu.

"Subiri kidogo, mwalimu," akasema. "Kuna mmoja amemtuma mwenzake aje kwangu amwombee maji."

Nikasubiri.