Niliposema Nitakuwa Daktari

Mwaka niliomaliza Kidato cha Nne, kanisa letu karibu na Mukuyuni, Makueni, lilifanya ibada ya shukrani kwa waliomaliza shule. Tulikuwa saba. Mchungaji alituita mbele, akamkabidhi wa kwanza kipaza sauti na kumwomba awaambie wazazi anataka kuwa nani. Wa kwanza akasema injinia. Wa pili akasema mwalimu wa hesabu. Mimi nilikuwa wa tano, na kadiri kipaza sauti kilivyonikaribia ndivyo nilivyozidi kutafuta kichwani kitu cha kusema, nisikipate. Sikuwahi kuwa na jibu. Shuleni nilipita masomo yote kwa kiasi, bila kulipenda moja kuliko jingine, na kila aliyeniuliza swali lile nilimchekea tu hadi akachoka. Siku ile kucheka kusingenisaidia. Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, aliketi safu ya mbele ameshika kofia kwa mikono miwili, akiningoja.

"Daktari," nikasema.

Watu walipiga makofi. Mama akajifuta macho. Nilirudi kuketi.

Ningeweza kulisahihisha neno hilo wiki ile ile. Sikuthubutu. Matokeo yalipotoka, gredi yangu ilinitosha kuingia chuo kikuu, lakini kwa udaktari haikufika hata mlangoni. Nyumbani nilisema tunangoja mtandao ufunguliwe tuchague kozi. Mtandao ukafunguliwa. Nilienda saiba, duka la kompyuta za kukodi, mara tatu, nikaketi mbele ya orodha ile ndefu, nikaishuka hadi chini na kuipanda tena. Kila kozi ilinitisha. Niliona kama nikibonyeza moja, milango mingine yote itafungwa kwa kishindo nami nitakuwa ndani ya chumba nisichokijua maisha yangu yote. Mara zote tatu nilitoka bila kubonyeza kitu. Siku ya mwisho ilipita nikiwa shambani navuna ndengu.

Wakati huo wote watu waliniita daktari. Mwenye duka alinionyesha uvimbe shingoni. Akina mama waliniletea watoto wenye homa. Mimi niliwaambia waende hospitali, nao wakachukulia kuwa ni hekima. Nilianza kupita njia ya nyuma ya shule ili nisikutane na mtu.

Asubuhi moja akaja mtoto wa kiume wa jirani yetu, mwanamume mwenye familia yake. Mama yake ni susu wa mtaa mzima, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba. Susu alikuwa ameamka akitapika, na sasa alikuwa akisinzia hovyo.

"Daktari, twende na wewe," aliniambia. "Utatusaidia kuongea na wenzako."

Kabla sijakataa, mama yangu alikuwa ameshaniletea sweta.

Hospitalini, yule mwanamume aliniacha na susu chumba cha daktari, akaenda dirishani kumwandikisha. Kabla ya kuondoka alimwambia daktari kwamba mimi ndiye daktari wa kwao. Daktari mwenyewe alikuwa kijana aliyetoka upande wa magharibi mwa nchi, hakujua Kikamba hata neno, na susu hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Muuguzi ambaye kwa kawaida huwatafsiria alikuwa wodi ya kujifungulia.

"Sawa, mwenzangu," daktari alisema. "Uko chuo gani?"

"Bado," nilimjibu. Hilo lingeweza kumaanisha chochote.

Akataka kujua susu anaumwa wapi. Susu akasema ngoo. Ngoo ni moyo, nami nikasema moyo, ingawa niliujua usemi wake: kila kitu kilichokuwa kati ya shingo na kitovu, yeye alikiita ngoo. Daktari akamshika mkono, akasikiliza, akakunja uso. Mapigo yalikuwa ya polepole mno. Akauliza amekula nini. Susu akajibu kwa shida kwamba alikunywa uji, na kwamba alfajiri alishikwa na kiu akanywa maji ya mbuzi.

Nilipata picha ya susu akiinama kwenye birika la mifugo. Nikaona aibu. Sikutaka yule kijana aende kusimulia kwamba kwetu watu hunywa pamoja na mbuzi.

"Uji na maji," nikamwambia.

Aliandika. Akasema ni moyo, apimwe, kisha watamtayarisha kwa hospitali kubwa zaidi. Tukatoka kukaa kwenye benchi.

Yule mwanamume alirudi na karatasi zake. Alianza kujilaumu kwamba hakugundua mapema mama yake anaumwa, kwa kuwa jana walishinda zizini wakiwanyunyizia mbuzi dawa ya kupe. Alikuwa amechoka hata akasahau kuificha iliyobaki. Aliiacha mlangoni pa jikoni, kwenye chupa ya soda.

 Nilielewa mara moja maji ya mbuzi yalikuwa nini, na sikuinuka. Hilo ndilo ninaloogopa zaidi kulikumbuka. Nilikaa pale nikiwaza kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua nilichoruka, na kwamba nikisema, kila mtu atajua yote. Sijui nilikaa muda gani. Kisha kichwa cha susu kikaniangukia begani, mate yakaloanisha sweta, nikamwambia mwanawe amshike, nikakimbia.

Niliingia bila kubisha. Nilimwambia daktari susu amekunywa dawa ya mifugo.

"Amesema lini?"

"Tangu mwanzo. Nilidhani ni maji tu. Mimi si daktari. Sisomi popote."

Nilingoja anifukuze. Alikuwa ameshapita mlangoni akimwita muuguzi. Aligeuka mara moja tu.

"Nifuate. Muulize alikunywa kiasi gani. Na usinichagulie maneno, niletee yote, hata ya aibu."

Tulikaa kando ya kitanda hadi jioni, wakimwekea maji ya mshipani na kumpima tena na tena. Mwanawe alipiga simu nyumbani wakamsomea jina lililokuwa kwenye kopo la dawa. Mimi nilileta yote. Nilisema susu anatutukana. Nilisema anataka kukojoa. Nilisema anaogopa kufa wakati kuku wake hawajafungiwa. Mchana kutwa nilikuwa na kazi ya kufanya.

Hakuwa amekunywa nyingi. Siku ya tatu aliruhusiwa. Daktari aliniuliza basi nataka kufanya nini maishani, nami nikamwambia sijui. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka kwa sauti. Hakunipa ushauri wowote. Alisema wodi ya wanaume kuna mzee wa kutoka Kibwezi ambaye hawajamwelewa tangu Jumatatu, akaniuliza kama kesho nina nafasi.

Nilienda kesho yake, na siku nyingi baadaye. Lakini kwanza nilimwambia baba ukweli. Alikuwa akishona gunia. Aliendelea hadi uzi ukaisha, kisha akasema, "Uliwaambia watu kanisani. Utawaambia tena huko huko." Sikulala vizuri wiki nzima. Jumapili nilisimama, nikasema sikuwa na wito wa udaktari, nilidanganya kwa woga. Wachache walicheka. Mama yangu aliangalia sakafu. Susu, kwenye kiti alichowekewa kando, aliuliza kwa sauti nimesema nini, na jirani yake akamtafsiria.

Awamu iliyofuata ya kuchagua kozi, nilibonyeza lugha na tafsiri. Kidole kiliganda juu ya kipanya hadi mwenye saiba akauliza kama kompyuta imekwama. Sikuwa na hakika. Hata leo sina hakika ile ambayo watu wengine wanadai kuwa nayo.

Sasa natafsiri mahakamani Kitui. Kesi ya kwanza ilikuwa ya shamba, na shahidi alikuwa mama mzee aliyeongea haraka huku akilia. Katikati ya maelezo yake alitumia neno ambalo kwetu Makueni lina maana moja na kwao Kitui pengine lina nyingine. Chumba kizima kilinigeukia.  Nikamwomba hakimu ruhusa nimuulize shahidi alimaanisha nini. Hakimu akasema niulize. Nikamuuliza.