Gauni Lililofumuliwa Mara Nne

Saa mbili asubuhi, fundi wa magauni anaipeleka kola dirishani, anautazama mshono mara moja, kisha anaiweka mezani. Basi, harudii. Ukimwona hivyo huwezi kujua kwamba huko kutazama mara moja kumemchukua karibu mwaka mzima kujifunza.

Ana miaka thelathini na moja, na tisa kati ya hiyo ameimaliza katika chumba hiki chenye vyerehani vitatu na pasi moja. Wenzake humwita Milimita, kwa kuwa mshono ukipinda kidogo tu hana raha.

Jina hilo la utani ndilo lililouficha ugonjwa wake.

Miaka minne iliyopita alijifungua mtoto wa kike, akarudi kazini baada ya miezi mitatu. "Nilikuwa nashona, nafumua. Nashona, nafumua. Naona mshono umepinda, kumbe umenyooka vizuri tu," anasema. "Wenzangu wakacheka, wakasema huyo ndiye Milimita wetu. Na mimi nikacheka nao."

Nyumbani hakupata usingizi hata mtoto alipolala. Alimnyonyesha, akamwogesha, akambadilisha nepi, asihisi chochote. "Namtazama kama mtoto wa jirani niliyeachiwa nimshike. Watu wananiambia hongera, mimi roho imekufa ganzi."

Kwa nini hakusema? Anaweka mkasi chini. "Niliogopa watamchukua. Nilijiona mama mbaya, nikajua nikifungua mdomo tu, mtoto sina." Kliniki walipomuuliza hali, alijibu ni uchovu tu.

Aliyegundua ni mwenye karakana, mama wa makamo ambaye mafundi wote humwita Shangazi. Siku hiyo alichukua gauni la hariri la mteja ili alipige pasi, akaliinua kwenye mwanga. Kiunoni akaona mistari minne ya matundu ya sindano. Hariri ikishatoboka haizibiki.

"Nikadhani ni uzembe, nikaja juu," Shangazi anakiri. "Nikamuuliza, mwanangu, hili umelifumua mara ngapi? Akasema nne. Kwa nini? Akaanza kulia, akalia mpaka nikafunga mlango. Jina la ugonjwa sikulijua. Nilijua tu kwamba huo si uchovu, maana aliyechoka hulala."

Kesho yake walikwenda kliniki pamoja. Shangazi alimpakata mtoto, akamwambia mama yake, "Sema yote. Huyu haendi popote."

Muuguzi hakushtuka. Alimweleza kwamba hiyo ni sonona ya baada ya kujifungua, kwamba akina mama wengi huipata, na kwamba inatibika. Fundi akaanza kuonana na mshauri kila wiki, baadaye akaongezewa dawa. Mumewe, dereva wa lori, naye aliitwa. "Kila siku nilikuwa namwambia ajikaze," anasema mume. "Nilikuwa sijui ninachokisema. Naona aibu mpaka leo."

Nafuu ilikuja polepole. Siku moja mtoto, akiwa na miezi tisa, alipiga chafya juu ya kikombe cha uji, ukamrukia mama usoni. Mama akacheka, kisha akashangaa kujisikia anacheka.

Sasa ana mimba ya miezi sita. Kama hali ile itarudi, hajui. Safari hii muuguzi ameshaambiwa, mume ameshaambiwa, na tarehe ya kumwona mshauri imeshaandikwa kwenye kadi.

Limebaki jambo moja analolipangia. "Binti yangu akikua, nataka alisikie kwangu, si kwa watu," anasema. "Nitamwambia kuna miezi sikuweza kumpenda. Na kwamba nilikwenda kuomba nisaidiwe, ili nimpende."