Pole Iliyotangulia Msiba

Jamani, kuna aibu ambayo ukiisimulia watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na kuna aibu ambayo ukiisimulia watu wananyamaza, na hii yangu ni ya kunyamaza, kwa hiyo mwenye haraka aende tu, sitamlaumu. Majina ya yule mama na mwanawe nimeyabadilisha. Mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Mnakumbuka nilikuwa nasoma shahada ya uzamili, mawasiliano na utamaduni. (Mama yangu kule Litembo mpaka leo akiulizwa mwanaye anasoma nini anajibu "mambo ya simu", nami nimeshaacha kumsahihisha.) Mada yangu ilikuwa namna habari ya kifo inavyofikishwa kwa wafiwa katika familia za mwambao wa Ziwa Nyasa: nani anatumwa, anaanzia wapi kusema, na wale wanaojua wanakaaje mbele ya asiyejua. Msimamizi wangu alilisifu pendekezo langu mbele ya wenzangu darasani, na mimi nikashuka Mbamba Bay kichwa juu, nikidhani kwamba kitu nilichokiandika vizuri ni kitu ninachokijua.

Nilifikia kwa Mwalimu Hyera, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa la Anglikana, ambaye yeye na mkewe walinipokea kama binti yao ingawa mimi ni Mmatengo wa milimani, Mkatoliki, na Kinyasa chao nilikisikia nusu nusu tu. Asubuhi moja Mwalimu akapigiwa simu. Aliisikiliza amesimama, akajibu kwa sauti ya chini, kisha akaniambia Stani amefariki. Stani alikuwa mtoto wa pekee wa kiume wa Bi Edina, jirani yetu, mama mjane ambaye nikipita kwake aliniita nikale muhogo wa kuchemsha. Kijana alikuwa dereva wa lori la makaa ya mawe na gari lilikuwa limepinduka.

"Nakwenda kumwona kasisi, halafu nimsubiri mjomba wake afike," Mwalimu alisema. "Wewe kaa hapa, Dafrosa. Nitakupitia twende pamoja."

Nitakupitia. Neno moja tu, na kama ningelitii nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia.

Nilikaa kweli, lakini jua likapanda, Mwalimu harudi, nami kutoka barazani nikawa nawaona kina mama wanapita kwenda kwa Bi Edina, huyu na beseni, yule na kuni kichwani, mke wa Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshakwenda, na nikaanza kujiona mimi peke yangu nimekaa kama mgeni asiye na utu ambaye muhogo wa watu anaula ila kwenye msiba wao haonekani. (Na niseme yote: nilifikiri pia kwamba mwanzo wa msiba ndio sehemu ambayo sijawahi kuishuhudia, na mada yangu iko hukohuko mwanzoni.) Basi nikavaa gauni langu jeusi, nikajifunga khanga, simu nikaining'iniza shingoni kwa kamba yake kama ilivyokuwa kawaida yangu, nikatoka.

Uani kulikuwa kumejaa kina mama. Wanapika, wanachota maji, wanaongea, na hakuna aliyekuwa analia. Hakuna pia aliyevaa nyeusi. Mtu mwingine yeyote angesimama pale mlangoni akajiuliza, lakini mimi, niliyeandika kurasa nzima kuhusu ukimya wa wanaojua mbele ya asiyejua, nikajiambia kwamba watu wa ziwani ni wapole katika majonzi yao, si kama sisi wa milimani. Yaani nilikuwa nimesimama katikati kabisa ya kitu nilichokifuata, na sikukitambua.

Mke wa Mwalimu akaniona. Akaja haraka haraka, akanishika mkono, akasema niingie jikoni niwasaidie kuosha mboga. Leo najua alikuwa ananiokoa. Wakati ule nikaona ni ukarimu tu, nikamjibu kwamba nakuja mama, ngoja kwanza nikamsalimie Bi Edina, nikauchomoa mkono wangu polepole kwenye mkono wake, nikapita.

Bi Edina alikuwa amekaa mkekani chini ya ukuta, na mbele yake ugali wa muhogo na samaki mbasa wa mchuzi. Nilikuja kujua baadaye kwamba walimwambia Stani kapata ajali, yuko hospitali, watakwenda kumwona mchana, na kwamba ale kwanza ameze na dawa zake za presha ili apate nguvu ya safari. Maana baada ya kuambiwa asingekula tena. Mjomba ndiye angesema, akiwa na kasisi, baada ya sahani kuondolewa. Bi Edina alikuwa amekula tonge mbili tatu.

Nikapiga magoti. "Shikamoo mama. Pole sana na msiba."

"Marahaba mwanangu," akasema, tonge bado mkononi. "Msiba wa nani?"

Pale uani wote waliacha kuongea. Nikasikia mwiko ukiwekwa chini. Na badala ya kunyamaza na mimi, nikasema (Mungu anisamehe) kwamba samahani mama, nimechanganya, nilikuwa nazungumzia msiba mwingine, wa kule kwetu Litembo. Nimepiga magoti mbele yake na gauni jeusi. Bi Edina aliniangalia kuanzia juu mpaka chini, akageuka akawaangalia wenzake mmoja mmoja, na kila aliyemwangalia aliinamisha macho. Akarudisha tonge kwenye sahani. Akanawa mikono kwa utaratibu, vidole vyote.

"Stani amekufa," akasema. Hakuwa anauliza.

Kisha akajaribu kusimama, akaanguka na kuzimia.

Kilio kilichopasuka pale sitakieleza. Walimbeba kumwingiza ndani, mmoja anapepea, mwingine anatafuta zile dawa ambazo alikuwa hajazimeza, majirani wakaja mbio, nao mjomba, kasisi na Mwalimu, wakiwa bado barabarani, wakakisikia kilio, wakajua kwamba safari yao imekwisha kabla hawajafika. Mama mmoja akanyooshea kidole simu yangu shingoni, akasema kumbe alikuwa anatukamata sauti. Sikuwa narekodi. Nilisema hivyo, nikaonyesha simu yenyewe, nani aniamini?

Mjomba alinikuta nimesimama palepale karibu na mkeka. Hakupandisha sauti.

"Nani amekutuma?"

Kwenye pendekezo langu nilikuwa nimeandika kwamba mleta habari hutumwa, hajitumi, na kwamba ndiyo maana wafiwa huweza kumsamehe kwa maneno anayoyabeba. Mimi sikutumwa na mtu. Mwalimu Hyera akavua kofia yake mbele ya watu wote akasema ni binti wa nyumba yangu, kosa ni langu, sikumweleza. Hilo ndilo lililonimaliza, kumwona mzee yule akijivika aibu yangu mbele ya watu aliowafundisha kusoma. Nikarudi nyumbani peke yangu kwa njia ya nyuma.

Bi Edina alizinduka, nashukuru. Mazikoni nilikaa mbali. Matanga yalipokwisha Mwalimu na mkewe wakanipeleka kwake kuomba radhi, nikapiga magoti kwa mara ya pili, na yote niliyoyapanga kusema yakapotea, nikabaki na samahani mama, samahani mama.

Alinishika bega. "Sina kinyongo na wewe, mwanangu. Hukumuua wewe," akasema. "Lakini nikiuona uso wako naisikia tena. Ukipita njia hii, pita tu. Usiingie."

Kesho yake nikapanda gari la kwenda Mbinga.

Msimamizi wangu nilipomweleza alisema, kwa nia njema kabisa, kwamba tukio lile ndilo ushahidi bora kuliko wote nitakaoupata, niliandike kama sura, jopo litanipongeza. Nikamwambia hapana. Nikabadilisha mada, nikasoma matangazo ya vyama vya wakulima wa kahawa, nikachelewa kuhitimu, na joho nimelivaa. Ila nimeapa kwamba kilio cha Bi Edina hakitanipatia alama hata moja, na kwamba nikiambiwa nitapitiwa, nitakaa nisubiri hata jua lizame. Barabara ya ziwani nimeshaipita tena. Nilipita tu.