Godoro Lililokuwa Njiani

Enzi za maduka ya ushirika tulizoea neno moja: hakuna. Sukari hakuna, khanga hakuna. Muuzaji alilisema bila hata kukutazama, lakini ulipotoka pale ulijua la kufanya. Ulikwenda kuazima kwa jirani.

Maduka yalipofunguliwa kwa kila mtu, neno hilo likafa. Kila kitu kikawepo, na kama hakipo, basi kiko njiani.

Mama yangu alikuwa kitandani nyumbani kwangu Mbagala. Godoro lake la sufi lilikuwa limeshikana mabonge, na mgongo wake ulianza kuchubuka. Nesi aliniambia nitafute kitu laini haraka, kabla vidonda havijaingia ndani. Redioni kulikuwa na tangazo la duka moja la Kariakoo: magodoro ya sponji, unafikishiwa nyumbani siku hiyo hiyo. Nikaenda, nikalipa lote.

"Nenda kamkorogee mgonjwa uji, dada," muuzaji aliniambia. "Utalikuta godoro limeshakutangulia."

Sikulikuta. Jioni jirani yangu alikuja kumjulia mama hali, akaona nilivyomtandikia khanga kukuu juu ya yale mabonge.

"Shoga, chukua langu la wageni. Wageni wenyewe siku hizi hawalali, wanakula tu."

"Asante, shoga. Letu linaingia leo."

Kesho yake nikaenda kupiga simu kwenye duka la dawa. Sauti ile ile ikanijibu bila kusita: "Gari liko njiani, dada. Limeshapita Mtoni hilo." Nikarudi mbio ili lisije likakosa mtu wa kulielekeza. Nikakaa mlangoni. Jirani akachungulia tena, nikamwambia limeshapita Mtoni. Naye aliamini. Nani atunge uongo wenye mpaka jina la kituo?

Mama alikuwa akiuliza kila nikimgeuza. "Limefika?"

"Liko njiani, mama."

"Labda linakuja kwa miguu," alisema, akacheka kidogo, kisha akafumba macho kwa maumivu.

Nilipiga tena simu. Likawa tena njiani. Mama akafariki siku ya Ijumaa, asubuhi, juu ya mabonge yale yale. Tukamzika alasiri.

Jumamosi nyumba ilikuwa imejaa watu. Wanaume wamekaa nje, sisi wanawake kwenye mikeka sebuleni na barazani. Msibani kwetu watu hawaji mikono mitupu. Huyu analeta mchele, yule kuni, mwingine mkeka. Basi pikapu yenye jina la duka ubavuni ilipopiga honi na vijana wakashusha godoro jipya, bado limo kwenye nailoni yake, hakuna aliyeshangaa. Walidhani ni rambirambi.

"Jamani, duka gani hili lenye utu hivi?" mwanamke mmoja alisema.

"Wafanyabiashara wengine wana imani," akajibu mwenzake.

Dereva alivua kofia. Aliona turubai, akaona watu, na badala ya kusema kilichomleta, akasema, "Poleni sana wafiwa. Sisi wa dukani tuko pamoja nanyi."

Mjomba akainua mikono aliombee duka dua.

Mie si mtu wa maneno, na siku hiyo sikuwa hata na sauti. Lakini nilinyanyuka.

"Hiyo si rambirambi, mjomba. Ni godoro la mama. Nililinunua akiwa hai, wakaniambia litafika siku ile ile."

Shangazi alinivuta khanga. "Mwanangu, msibani hapagombwi."

"Sigombi, shangazi. Nasema lilivyo." Nikamgeukia dereva. "Kaka, umelipakia lini?"

Aliinamisha kichwa. "Leo asubuhi, dada. Lilikuwa stoo. Mie napewa mzigo tu."

"Sema kwa sauti, wasikie."

Akarudia, watu wote wakasikia. Jirani yangu alijishika mdomo.

Kuchelewa nakujua. Gari huharibika, mvua hukata barabara. Kama wangeniambia litafika Jumamosi, ningelichukua godoro la jirani jioni ile ile, na mama angeondoka mgongo wake umelala pahali laini. Hawakuninyima godoro lao peke yake. Waliniondolea na lile lililokuwa hatua chache kutoka mlangoni kwangu, na kisha wakataka kupokea shukrani zetu juu ya kaburi bichi.

Mjomba alikuwa bado ameinua mikono. Akakohoa. "Basi tumwombee marehemu," akasema, na wote wakaitikia.

Pikapu ikaondoka. Wanawake wakaniuliza kama waliingize godoro ndani, maana kulikuwa na bibi wawili waliotoka Kisarawe, na usiku walikuwa wanalala chini. Nikawaambia waliingize. Bibi wale hawakunidanganya.